Kofia ya Jino: Dhana za Mtaani na Ukweli Wake

Dhana iliyoenea sana Arusha ni kwamba kofia ya jino, yaani gamba gumu linalofunika jino zima lililochongwa pande zote, huvikwa mwenye meno ya kahawia ili apate meno meupe. Chanzo chake kinaeleweka, kwa kuwa visima na chemchemi nyingi kuuzunguka Mlima Meru zina madini ya floraidi yanayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijengeka ndani ya taya huota meno yenye madoa ya kudumu. Hata magadi yanayotiwa kwenye maharage yaive upesi huongeza floraidi hiyo. Hata hivyo, jino lenye madoa mara nyingi ni jino imara, ambalo laweza kung'arishwa kwa dawa, kusuguliwa tabaka la juu au kubandikwa ganda jembamba kwa mbele. Kulichonga pande zote ili livikwe kofia ni hasara, maana enameli, tabaka gumu la nje la jino, ikishaondolewa hairudi. Kofia hustahili pale floraidi ilipolidhoofisha jino hata likawa linameguka.

Dhana ya pili niliishika mwenyewe kwa miaka: kwamba jino likishazibwa limepona. Jioni moja mjini Moshi, nikila makande, gego langu la chini lililokwisha kuzibwa mara mbili lilialika, na ulimi ukakutana na ncha kali. Daktari aliponishikia kioo niliona kwamba zibo lilikuwa mahali pake bila dosari. Kilichokatika ni ukuta wa jino upande wa ulimi, karibu kabisa na ufizi. Zibo kubwa hujaza shimo tu, na kuta nyembamba zilizobaki ndizo zinazobeba nguvu ya kutafuna. Kofia huzikumbatia kuta hizo kama pete ya chuma inavyoushika mpini wa kisu usipasuke. Ndiyo maana hushauriwa pia kwa jino lenye ufa, ambalo huuma ghafla mtu anapoachia baada ya kung'ata, ingawa ufa wenyewe huenda usionekane hata kwenye eksirei.

Husemwa pia kwamba jino lililotibiwa mzizi, yaani lililotolewa neva na kuzibwa ndani, limekufa, haliumi, basi liachwe. Kutouma si uimara: gego la namna hiyo limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya kiini chake, na lisipofunikwa laweza kupasuka hadi mzizini, na hapo mara nyingi hakuna tiba ila kung'oa. Jino la mbele lililobaki karibu zima ni jambo jingine, nalo mara nyingi hutosheka na kuzibwa.

Wapo wanaodhani jino lenye kofia haliozi. Kofia haiozi, lakini jino lililo chini yake huoza kuanzia ukingoni, pale linapokutana na ufizi, kwa hiyo mswaki hauna likizo.

Gego langu lilijengwa upya, likachongwa, likavikwa kofia ya kauri. Fundi aliipaka kahawia hafifu, kwa kuwa nilikulia Maji ya Chai, karibu na Mlima Meru, na magego ya jirani yana rangi hiyo. Nyeupe ingeonekana ngeni.