Kabla ya seminari: kijana anayetaka kazi ya kanisa anasoma nini katika chuo cha Kilutheri Marekani?

Wazazi wa Arusha, Iringa na Bukoba hutuuliza swali hili sisi washauri wa chuo, na siku hizi tunaulizwa pia na familia za Kikongo zilizohamia Iowa: "Mtoto wetu alisema anataka kuwa mchungaji. Tukahangaika mpaka akapata chuo cha Kilutheri. Sasa tunasikia anasoma biolojia, na jioni anajifunza kupiga ogani. Uchungaji wenyewe uko wapi?"

Uchungaji bado uko mbele, na kijana hajapotea njia. Tatizo ni kwamba mzazi anapima safari ya Marekani kwa ramani ya nyumbani. Katika KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, njia iliyozoeleka inajulikana na kila mzee wa kanisa: kijana anaonekana usharikani, mchungaji wake anampendekeza, dayosisi inamtuma kusoma BD, shahada ya kwanza ya theolojia, pale Makumira au kwingineko, anatumika kama vikari, yaani mchungaji mwanafunzi, halafu askofu anambariki kuwa mchungaji na kumpangia kituo. Marekani, masomo ya uchungaji ni ya shahada ya pili. Seminari za ELCA, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani, kwa kawaida hazimpokei aliyetoka sekondari moja kwa moja. Zinataka kwanza awe na shahada ya kwanza, nayo yaweza kuwa ya fani yoyote. Baada ya hapo ndipo anaanza M.Div, shahada ya pili ya uchungaji, ambayo kwa mpango uliozoeleka ilichukua miaka 4, mmoja wapo ukiwa wa vikari. Siku hizi baadhi ya seminari zimeipunguza. Kwa hiyo vyuo kama St. Olaf, Luther College, Gustavus Adolphus, Wartburg au Augsburg havimtoi mtu mchungaji. Vinamtoa mtu ambaye seminari inaweza kumpokea.

Mbona basi kanisa likajenga vyuo vya namna hiyo badala ya seminari tupu? Historia inajibu vizuri kuliko sisi washauri. Samuel Simon Schmucker alianzisha seminari ya Kilutheri huko Gettysburg, Pennsylvania, mwaka 1826. Haikuchukua muda kuonekana kwamba vijana wanaokuja hawana msingi wa kutosha wa lugha na elimu ya jumla, na mwaka 1827 ikafunguliwa shule ya kuwaandaa. Kutokana na shule hiyo kikazaliwa chuo mwaka 1832, ambacho leo ni Gettysburg College. Seminari ilitangulia, chuo kikafuata kwa sababu seminari peke yake haikutosha. Wahamiaji wa Kinorwe walioanzisha Luther College mwaka 1861 walitaka wachungaji pia, na bado walianza kwa lugha, historia na hisabati. Waswidi wa Minnesota wakafanya hivyo hivyo na Gustavus mwaka 1862. Kanisa la Waswidi hao, la Augustana, ndilo lililotuma wamishenari Tanganyika katika miaka ya 1920 wakafanya kazi Iramba na Singida, kwa hiyo Walutheri wa huko wana undugu na vyuo hivi hata kama hawajawahi kuvisikia.

Martin Luther mwenyewe alikwisha kuandika juu ya jambo hili mwaka 1524, alipowasihi madiwani wa miji ya Ujerumani wafungue shule. Hoja yake moja huwashangaza wanafunzi wetu kila mwaka: hata kama pasingekuwa na roho ya kuokoa, shule zingehitajika ili dunia hii iendeshwe vizuri. Ndiyo maana chuo cha Kilutheri hakimwoni mwanafunzi wa uuguzi kama mtu aliyekosa nafasi ya theolojia. Muuguzi, mwalimu na mhasibu nao wameitwa kumtumikia jirani, kila mmoja mahali pake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfuko wa Lilly Endowment wa Indianapolis ulivipa vyuo 88 vya madhehebu mbalimbali fedha za kuwasaidia wanafunzi kutafakari wito wao, na ofisi nyingi za namna ya yetu, za kuwashauri wanafunzi juu ya wito, zilianzia hapo.

Tukija kwenye masomo yenyewe, ushauri wangu huwa mfupi: soma unachokiweza vizuri na kukipenda, kisha uongeze vitu vinne. Kigiriki, kikifundishwa, kwa sababu anayekwenda seminari bila hata alfabeti yake huanza kwa kuhema. Historia, kwa kuwa mhubiri asiyejua jana huhubiri juu ya gazeti la leo tu. Lugha hai ya pili. Kwa wengi hapa ni Kihispania, lakini kijana wa Kiswahili tayari anayo, na makanisa ya miji iliyopokea wakimbizi wa Kongo na Burundi yanamhitaji kuliko anavyodhani. Cha nne ni uhasibu wa mwanzo. Hapo wanafunzi hucheka. Lakini mchungaji wa usharika mdogo wa mashambani hukaa na wazee wake mbele ya bajeti yenye bili ya kupasha joto jengo wakati wa baridi, paa linalovuja na sadaka inayopungua, na asiyejua kusoma mizania huwa mgeni katika usharika wake mwenyewe.

Kozi za Biblia na dini zipo, na vyuo vingi vinamtaka kila mwanafunzi asome angalau chache. Nawashauri wazazi wasishtuke mtoto akipiga simu na kusema profesa amewaonyesha kuwa kitabu cha Isaya kina tabaka za nyakati tofauti. Atakutana na hayo seminarini pia. Ni afadhali akutane nayo akiwa na miaka 19, chapeli ikiwa karibu na marafiki wa kubishana nao, kuliko akiwa na miaka 30 na waombolezaji wanamsubiri nje.

Nje ya darasa ndiko wito unakopimwa hasa. Katika vyuo kadhaa ratiba inasimama kwa takriban dakika 20 katikati ya asubuhi kwa ajili ya ibada, na wanafunzi husoma, huimba na pengine huhubiri mbele ya walimu wao. Muziki ni mlango mwingine. Kwaya ya St. Olaf, iliyoanzishwa na F. Melius Christiansen mwaka 1912, imewafanya watu wengi wadhani vyuo hivi ni vya kuimba tu. Ukweli ni kwamba sharika nyingi ndogo zinatafuta mpiga ogani na hazimpati. Kijana aliyelelewa kwenye kwaya ya usharika, anayesikia sauti nne bila kuandikiwa, akijifunza ogani na kuongoza ibada ana kazi ya kudumu ya kanisa bila kuvaa kola.

Lakini mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, awe macho hapa. Viza hiyo inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kupiga ogani mjini Jumapili na kupokea bahasha ni ajira nje ya chuo, hata kama bahasha imeandikwa "shukrani". Mafunzo kazini yanayohusiana na masomo yake yanaweza kuruhusiwa, kwa kawaida baada ya mwaka mzima wa masomo, lakini kibali kinatoka ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Kambi za kanisa za majira ya joto nazo ni hivyo hivyo. Ni hasara akizikosa, maana kumlaza mtoto wa miaka 10 anayelilia nyumbani, na kesho yake kumfundisha Zaburi, kunamwonyesha mtu upesi kama huduma anaiweza au anaipenda kwa mbali.

Sasa jambo ambalo vijana wetu hulikosea zaidi. Anayetaka kubarikiwa katika ELCA hajipeleki mwenyewe seminari halafu akatafute kazi. Anapita mchakato wa utahiniwa, na unaanza usharikani. Anatakiwa awe mshiriki hai wa usharika wa ELCA kwa angalau mwaka mmoja, ndipo usharika huo umwandikishe kwenye sinodi, ambayo ni kama dayosisi ya nyumbani. Kuna kuchunguzwa kumbukumbu zake za kipolisi, kupimwa na mwanasaikolojia, kuandika insha na kukaa mbele ya kamati. Akikubaliwa ameingia hatua ya kwanza tu. Ya pili inakuja akiwa seminarini, na ya tatu anapokaribia kumaliza. Madeni yake nayo yanaulizwa. Katika vyuo vingi chapeli si usharika, kwa hiyo kijana aliyeabudu chuoni kwa miaka minne bila kujiunga na usharika wa mjini hufika mwisho akakuta hana wa kumpeleka. Ubatizo na kipaimara vya Machame vinatambuliwa bila shaka, lakini haviuzibi mwaka huo mmoja. Ajiunge mwaka wa kwanza.

Hata akishinda yote hayo, habarikiwi mpaka apate barua ya wito, na usharika humwita kwa kura ya theluthi mbili ya waliohudhuria na kupiga kura. Kwa mtu aliyezoea askofu kupanga vituo, hili ni geni. Nimewasikia wachungaji wa nyumbani wakisema linamfanya mchungaji awe mateka wa wazee wa kanisa, na sioni kama wamekosea kabisa.

Katikati ya njia hiyo kuna mafunzo ya huduma ya kichungaji hospitalini, CPE, yaliyoanzia kwa Anton Boisen katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, mwaka 1925. Kitengo kimoja ni saa 400. Mtahiniwa hukaa na wagonjwa, kisha huandika mazungumzo yale na kuyasoma mbele ya wenzake na msimamizi, wanaomuuliza kwa nini alikimbilia kuomba pale mgonjwa alipoanza kulia. Wengi hugundua hapo kuwa wamekuwa wakiomba ili wao wenyewe watulie. Anayetaka kuwa mchungaji wa hospitali kama taaluma, mwenye cheti cha bodi, anahitaji vitengo vinne na kuungwa mkono na kanisa lake.

Si kila mwenye wito ni mchungaji. Tangu 2017 ELCA imeunganisha makundi yake matatu ya zamani ya watumishi kuwa daraja moja la ushemasi, la watu wanaofundisha, kuhudumia wagonjwa, kuongoza vijana au kusimamia huduma za jamii kwa jina la kanisa. Wapo wanaokwenda Global Refuge, shirika la Kilutheri la wakimbizi lililoanza mwaka 1939 na kubadili jina mwaka 2024, na wapo wauguzi wa usharika, huduma iliyoanzishwa na mchungaji Granger Westberg kwenye eneo la Chicago katika miaka ya 1980. Wengine hujitolea mwaka mmoja nje ya nchi baada ya chuo ili kujipima kabla ya kuamua.

Vyuo vya Sinodi ya Missouri, kanisa jingine la Kilutheri la Marekani, vinavyoitwa Concordia, vimekwenda njia tofauti kidogo: vina programu zinazoitwa wazi kazi za kanisa, kama vile ualimu wa shule za Kilutheri na ukurugenzi wa elimu ya Kikristo, ambao una mwaka wa mafunzo kazini. Kanisa hilo haliwabariki wanawake kuwa wachungaji. Binti anayetaka madhabahu aelewe hivyo kabla ya kulipa ada ya maombi, kwa sababu majina ya vyuo hayamwambii. Concordia ya Moorhead, Minnesota, kwa mfano, ni ya ELCA.

Kuhusu fedha, mikopo na misaada ya serikali ya Marekani haimhusu mwanafunzi mwenye viza ya F-1. Anategemea msaada wa chuo chenyewe, kwa hiyo barua ya kukubaliwa bila barua ya msaada isifanyiwe sherehe. Seminari ni nafuu kuliko watu wanavyofikiri. Luther Seminary ya Minnesota ina ufadhili wa ada kamili, na ELCA ina mfuko wa Fund for Leaders kwa watahiniwa wake. Ndiyo sababu deni la kuogopa zaidi ni la miaka minne ya mwanzo.

Na mtu mzima ambaye tayari anaongoza ibada ya Kiswahili kwenye ukumbi wa kanisa la kuazima, ana watoto watatu na zamu ya usiku kiwandani? Asiambiwe aanze shahada ya kwanza. ELCA ina mpango uitwao TEEM kwa ajili ya viongozi waliokwisha kuonekana katika jamii zao. Anasoma huku akiendelea kutumika, na mlango wake ni sinodi, si ofisi ya udahili.

Kwa anayekusudia kurudi, azungumze na dayosisi yake kabla ya kuondoka na aendelee kuiandikia akiwa huku. Kubarikiwa Marekani hakumpi nafasi Tanzania moja kwa moja; askofu wa nyumbani ndiye atakayempokea. Anayekusudia kubaki kutumika baada ya masomo huenda akaombewa viza ya watumishi wa dini, R-1, yenye ukomo wa miaka 5. Anayeombewa lazima awe mshiriki wa dhehebu la kanisa linalomwombea kwa angalau miaka miwili kabla ya maombi. Kadi ya usharika na barua ya mchungaji wa nyumbani avibebe kwenye begi la mkononi.