Je, mtoto mwenye kipaji atafika tu bila kusaidiwa?

Wazazi na walimu wengi wanaamini kwamba mtoto mwenye akili nyingi hahitaji msaada: nguvu za mwalimu ziende kwa wanaosuasua, yeye atafika tu. Imani hiyo ina huruma ndani yake, na katika darasa la watoto 80 inaeleweka kabisa.

Hata hivyo, kipaji kisipopewa kazi ya kukitosha hudumaa. Mtoto asiyewahi kukutana na swali gumu hajifunzi kuhangaika nalo. Akifika kidato cha pili na hesabu zikamgomea kwa mara ya kwanza, anaweza kukata tamaa. Wengine huchoka mapema zaidi. Wa darasa la nne anamaliza kujumlisha sehemu kichwani kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni, anaanza kupiga soga, anaitwa mtukutu. Daftari lake lina majibu sahihi yasiyo na njia, naye anakatwa alama. Hilo linaniuma.

Tanzania ina sekondari za serikali za vipaji maalumu, ila huchukua wachache, na kigezo kikuu ni alama za mtihani wa darasa la saba. Fundi wa kuchora au kutengeneza redio mbovu mtihani huo haumwoni.

Unaweza kupima mwenyewe. Mpe mtoto wako maswali ya darasa la mbele, umwombe aeleze kwa mdomo alivyopata jibu. Tazama anachofanya bila kutumwa. Kisha mwone mwalimu wake, daftari mkononi. Maswali mawili magumu zaidi kwa wiki hayahitaji bajeti.