Meli ya Pemba: Yanayosemwa na Yalivyo

Sikukuu zikikaribia, gati ya Malindi mjini Unguja hufurika watu wanaokwenda Pemba, na kila mmoja ana lake la kumshauri msafiri mgeni. Baadhi ya ushauri huo ni mzuri. Mwingine ni wa hatari, na ndio ninaotaka kuuzungumzia.

“Meli kubwa ya chuma haizami.” MV Spice Islander I ilikuwa kubwa na ilikuwa ya chuma. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa njiani kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba abiria wasiofika 700, lakini waliopanda walizidi maradufu, juu ya shehena iliyokuwamo. Ukubwa wa chombo haufuti hesabu ya uzito. Mzigo ukirundikwa juu, chombo kikilala upande huchelewa kuinuka, na maji yakishaingia kwenye sitaha ya mizigo hukimbilia upande ule ule uliolala. Kwa hiyo ukiona watu wamekaa mpaka kwenye ngazi na bado wengine wanapandishwa, shuka. Nauli itapatikana tena.

“Kuandika majina ni usumbufu tu.” Hili ndilo linaloniuma zaidi. Baada ya ajali ile, miili iliyopatikana ilikuwa takriban 200. Tume iliyochunguza ikaja kutaja waliokufa na waliopotea kuwa zaidi ya 1,500. Pengo kubwa kiasi hicho lilitokea kwa kuwa hapakuwa na orodha ya kuaminika ya waliopanda, hata ikabidi familia ziende zenyewe kuwaandikisha watu wao. Ukisafiri kwa tiketi yenye jina la mwengine, jina lako halimo melini. Mtoto wa kupakatwa naye aandikwe, hata kama halipiwi.

“Aliyezoea boti ya Dar hana la kuogopa.” Kati ya Unguja na bara maji ni ya kina kifupi, makumi ya mita tu. Pemba imetengwa na bara kwa mlango wa bahari ambao kina chake hufika mita 800 hivi. Meli inapokwenda kaskazini hukingwa na kisiwa cha Unguja, lakini ikishapita Nungwi kinga hiyo huisha na mawimbi ya bahari kuu huipiga ubavuni. Wakati wa kusi, yaani upepo utokao kusini, hasa Juni hadi Agosti, hapo ndipo hata wazoefu hunyamaza.

“Usile kitu, hutatapika.” Kigegezi hakitoki tumboni. Sehemu ya sikio la ndani inayopima mizani ya mwili huhisi mwendo, huku macho yaliyoelekezwa kwenye simu au ukuta yakiona utulivu, na ubongo huchanganyikiwa. Tumbo tupu mara nyingi huzidisha adha. Kula kitu chepesi kisicho na mafuta mengi, kaa katikati ya meli sitaha ya chini, au toka nje utazame upeo wa macho. Tangawizi husaidia baadhi ya watu. Vidonge vimezwe kabla ya kuondoka, maana ukishaanza kutapika havikai, na kwa mtoto au mama mjamzito muulize kwanza mfamasia.

“Boya ni la asiyejua kuogelea.” Mvuvi hodari naye huchoka, hushikwa na baridi, hugongwa na mzigo unaoelea. Boya la kuvaa humweka kichwa juu hata akizimia. Angalia yalipo kabla meli haijang’oa nanga, na kama una mtoto, mwombe baharia akuoneshe ya watoto, kwa sababu boya la mtu mzima humchomoka mtoto mara tu anapoingia majini.