Agosti 26 na stori za kura ya wanawake Marekani

Kila Agosti 26 ikifika watu wanaposti zile picha za kinamama wa Marekani na magauni yao meupe, ati ndo siku wanawake wa kule walipata kura, mwaka 1920. Tarehe iko sawa, siku hiyo marekebisho ya 19 ya katiba yalitangazwa rasmi, ila zinazofuata hapo nyingi ni stori za kijiweni.

Ati kabla ya hapo hakuna mwanamke aliyewahi kupiga kura. Wapi! Wyoming waliruhusu tangu 1869, na New Jersey wajane na wasioolewa wenye mali walikuwa wanapiga tangu 1776 mpaka wakanyang'anywa 1807. Yani walikuwa nayo, ikachukuliwa.

Ati Susan B. Anthony, yule mwanaharakati wa kura ya wanawake, alipiga kura 1920 baada ya ushindi. Jamani, alikufa 1906! Kupiga alipiga kweli, ila ni 1872 kule Rochester, akakamatwa, faini dola 100, na hakulipa hata senti. Siku hizi watu wakitoka kupiga kura wanaenda kubandika zile stika za "nimepiga kura" kaburini kwake, mpaka 2020 jiwe likawekewa kava la plastiki manake gundi ilikuwa inaliharibu.

Alafu hii ndo inaniudhi kabisa, ati wanawake WOTE walipata. Soma sheria yenyewe, inasema tu mtu asinyimwe kura kwa sababu ya jinsia, basi, sababu zingine haikuzigusa, kwa hiyo majimbo ya kusini yakaendelea kuwazuia watu weusi kwa kodi ya kura (hulipi hupigi) pamoja na mtihani wa kusoma na kufafanua katiba, na anayesahihisha ni karani mzungu ambaye anaamua mwenyewe nani kafeli. Wenyeji asilia wa Arizona na New Mexico nao walizuiwa mpaka 1948, wake kwa waume.

Fannie Lou Hamer, mwanamke mweusi wa Mississippi, moja ya hayo majimbo ya kusini, alienda kujiandikisha Agosti 1962, miaka 42 baada ya hizo picha, akaulizwa swali la katiba ya jimbo ambalo hakuwahi hata kulisikia, akafelishwa, na kurudi tu nyumbani akafukuzwa kwenye shamba alilofanyia kazi miaka 18. Mwenyewe alisema mpaka mwaka huo hakujua kama mtu mweusi anaruhusiwa kujiandikisha. Sheria iliyokuja kuondoa ile mitihani ilisainiwa Agosti 6, 1965, na siku hiyo sijawahi kuona mtu anaposti gauni jeupe.