Kauli ya "Kichwa Kizito" Katika Vikao vya Wazazi Iringa

Katika vikao vya wazazi na walimu ninavyohudhuria kwenye shule za msingi za Kilolo na Mufindi, kauli moja hurudiwa mpaka imenichosha: kwamba mtoto anayeshika mkia darasani, hasa anayetoka kaya isiyo na kitu, amerithi "kichwa kizito" cha ukoo wake, na kwamba njaa haiwezi kuwa sababu kwa kuwa mkoa wetu ni ghala la mahindi.

Ghala hilo lipo, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi nzima kwa udumavu: asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka 5, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mama anayeshinda kwenye vibarua vya chai au viazi humwachia mtoto uji mtupu wa mahindi, usio na karanga, dagaa wala maziwa, na ubongo, ambao hukua kwa kasi zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, hukosa mahitaji yake kabla mtoto hajakanyaga darasa la awali. Akishaanza shule, hutembea kwenye baridi ya Juni tumbo likiwa tupu, na viazi vikianza kuchimbwa hukosa vipindi kwa majuma. Kisha anasimamishwa mbele ya wenzake asome herufi zilizofundishwa yeye akiwa shambani. Ninawasihi walimu, kabla hawajatamka neno hilo la kichwa, wafungue daftari la mahudhurio, wahesabu siku alizokosa, halafu wamuulize faraghani alikula nini jana usiku. Ninawasihi pia wazazi wachangie uji wa saa nne, uliochanganywa soya, kabla ya kuchangia jambo lingine lolote shuleni.

Wengine husema elimu ni bure tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, hivyo umaskini si sababu tena. Kilichofutwa ni ada na michango ya lazima. Sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi.

Kuhusu fimbo nitasema machache: humwongezea mtoto utoro.

Wapo, hatimaye, wanaodai kwamba mzazi asiyejua kusoma hana msaada wowote. Anaweza kumpunguzia binti yake safari ya kuteka maji, akamwachia saa moja ya mwanga kabla jua halijazama, na akaketi amsikilize akisoma kwa sauti.