Kulowanisha Unga wa Muhogo: Utafiti wa Bradbury na Maswali Mnayotuletea

Tangu tuanze kuhimiza kaya zinazokula muhogo mchungu zilowanishe unga kabla ya kusonga ugali, swali linalorudi kila tunapokaa na wananchi ni moja: nani kasema? Ni swali la haki. Mama anayeambiwa abadili mapishi ya wanawe anastahili kujua maneno hayo yametoka wapi.

Yametoka kwa mkemia J. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, aliyeshughulika kwa miaka mingi na linamarini, kemikali ya muhogo inayozaa sumu ya sianidi. Ukizipanga makala zake kwa miaka, mpango wake unaonekana: alianza na kipimo, akaja na njia, kisha akaipeleka njia hiyo vijijini pamoja na watafiti wa huko huko.

Kipimo kilichapishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na tunakitumia. Miligramu 100 za unga huwekwa kwenye kichupa chenye karatasi iliyobeba kimeng'enya (kitu kinachoivunja linamarini), maji kidogo yanaongezwa, karatasi ya njano ya pikreti, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na sianidi, inaning'inizwa bila kugusa maji, kifuniko kinafungwa barabara, kinaachwa mpaka kesho yake. Kadiri karatasi inavyoelekea kahawia, ndivyo sianidi inavyokuwa nyingi; rangi hulinganishwa na chati. Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo. Bechi la biashara likivuka hapo hatulipitishi, wala hatukubali lichanganywe na unga mwingine ili namba ishuke. Anayeleta sampuli alete unga mkavu, wa mfuko mmoja, uliofungwa vizuri na kuandikwa tarehe ya kusagwa na kijiji ulikotoka. Isiyo na maandishi hatuipimi, kwa sababu jibu lake halitamsaidia mtu.

Sasa lile la "nitachemsha tu, sumu itakufa". Nimelieleza mara nyingi na ninalirudia: kinachokufa ni kimeng'enya. Ndani ya muhogo, linamarini na kimeng'enya kinachoivunja hukaa mbalimbali. Unapoukata, kuukwaruza au kuutwanga, vinakutana, linamarini inavunjika, na sianidi inatoka kama gesi. Huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu. Ukiwahi kuchemsha, kimeng'enya kinaharibika na linamarini inabaki nzima chunguni. Hata makopa yaliyokauka juani haraka yanaweza kubaki nayo nyingi, na usagaji hauiondoi yote.

Hapo ndipo lilipoanzia wazo aliloliandika Bradbury mwaka 2006: unga mkavu bado una kimeng'enya na linamarini, unachokosa ni maji. Mimina unga kwenye beseni, usawazishe bila kuushindilia, tia alama ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka chini ya alama. Endelea mpaka upande tena ufike pale pale, kisha acha. Utandaze juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimita 1, muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Wanaourundika kilima katikati ya mkeka wanajisumbua bure, gesi haina pa kutokea. Upikwe siku hiyo hiyo.

Watafiti hupimana kwa idadi ya mara wanazonukuliwa. Mimi huwa natazama kijiji cha Kay Kalenda, eneo la Popokabaka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako kulikuwa na wagonjwa wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona. Timu ya mtafiti Banea, wa Kongo hiyo hiyo, iliwafundisha akina mama njia hii, na ripoti ya mwaka 2012 ikaonyesha kwamba katika miezi ya mradi hakupatikana mgonjwa mpya hata mmoja. Nchini Msumbiji unga ulipimwa kabla na baada ya kulowanishwa, na sianidi ilishuka sana. Kwetu Tanzania, konzo iliripotiwa Tarime mwaka 1985, kisha Mtwara na Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Makala iliyoeleza mlipuko huo wa kusini ina majina ya Mlingi, mtafiti Mtanzania, na Bradbury pamoja. Kwa hiyo anayesema "hayo ni ya Wazungu" hajaisoma.

Tahadhari mbili. Njia hii haichukui nafasi ya kuloweka muhogo au kuuvundika, inaongezwa juu yake. Tena mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa inayotokana na protini, kwa hiyo ugali mtupu mfululizo, bila dagaa wala maharage, ni hatari hata kwa unga uliotayarishwa kwa uangalifu.

Mtu akishikwa na kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika baada ya kula ugali wa muhogo, mpelekeni kituo cha afya mara moja, na mchukue unga uliobaki mwende nao.