Bibi harusi hakunenepa: dhana potofu kuhusu umbo la picha kwenye DVD

"TV za flati ndizo zinanenepesha watu."

DVD ya sendoff ikishafika nyumbani, iwe Mwanjelwa au Mafinga, hii ndiyo lawama ya kwanza. Keki imekuwa yai, shangazi kapanuka mabega, basi kosa ni la TV. Sivyo. Kwa PAL, mfumo wa video tunaotumia Tanzania, fremu ya DVD huwa na pikseli (nukta za picha) 720 kwa 576, iwe picha ni ya 4:3 (upana sehemu 4 kwa kimo sehemu 3) kama TV ya chogo au ya 16:9 kama flati. Gawa 720 kwa 576 utapata 1.25, ambayo si 4:3 wala 16:9. Ndiyo maana anayetafuta umbo kwa kuhesabu pikseli anachanganyikiwa.

Umbo linaamuliwa na alama iliyoandikwa ndani ya diski, inayoiambia deki picha itandazwe kwa upana gani. Fundi wa video akibandika alama ya 16:9 kwenye video iliyopigwa kwa 4:3, kila kitu kinapanuka kwa theluthi moja. Akikosea kinyume chake, watu wanakonda kwa robo. Kabla ya kugombana naye, simamisha picha pale tairi la gari la maharusi linapoonekana ubavuni, kisha weka rula kwenye kioo. Upana na kimo vikilingana, alama iko sawa.

"Pande nyeusi ni kazi mbovu, jaza kioo."

Wateja wanaowapa mafundi presha hapa ni wengi, na mafundi wanaokubali ni wengi vilevile. Chukua mkanda wa VHS wa kipaimara cha zamani. Ulipigwa kwa 4:3, kwa hiyo kwenye flati lazima ubaki weusi kushoto na kulia. Ukitaka kuuondoa una njia mbili tu: uvute picha watu wapanuke, au uikuze na kuikata. Ukiikata unapoteza robo ya kimo, yaani vilemba vya kina mama juu na miguu ya wacheza ngoma chini. Mimi naona heri weusi.

Video ya simu iliyopigwa wima ndiyo balaa zaidi, maana inachukua chini ya theluthi ya upana wa kioo cha 16:9. Wapo wanaoweka nyuma yake nakala ileile iliyofifishwa ili kuziba weusi. Ni pambo tu. Mhusika haongezeki hata kidogo. Mwambie mpigaji alaze simu.

"Kwenye kompyuta ilikuwa sawa, kwa hiyo diski ni nzima."

VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, inafuata alama ya diski. Deki ya nyumbani inafuata alama hiyo pamoja na mpangilio wake yenyewe, na deki nyingi zilinunuliwa enzi za chogo, flati ikaja baadaye, menyu haikuguswa. Bonyeza SETUP kwenye rimoti, tafuta TV Type au TV Display. Ikiwa iko 4:3 LB (letterbox), picha ikiwa ya 16:9 deki inaongeza weusi juu na chini, TV nayo inaongeza pembeni, na picha inabaki ndogo katikati ya kioo. Weka 16:9.

Bado kuna mtego. Kupitia waya wa njano, mara nyingi TV haijui umbo la picha inayoingia, hivyo diski ya 4:3 inaweza kuvutwa ijaze kioo chote. Hapo badilisha umbo la picha kwa rimoti ya TV. Fundi anasingiziwa bure.

"Ichome upya kwa ubora wa juu, itanyooka."

Kuongeza biti kunaongeza uwazi wa picha, hakugusi umbo, na DVD yenyewe haipokei video inayozidi megabiti 9.8 kwa sekunde. Kama kilichokosewa ni alama tu, nakili folda ya VIDEO_TS kwenye kompyuta, rekebisha alama kwenye faili za IFO (zinazoiongoza deki) kwa programu kama IfoEdit, kisha choma diski nyingine. Jaribu kwanza kwa DVD-RW, inayofutika.

Penye mchanganyiko ndipo pagumu. Kundi moja la video ndani ya DVD linabeba umbo moja tu. Ukitaka kuunganisha harusi ya 16:9 na mkanda wa zamani wa 4:3, ongezea mkanda weusi pembeni mpaka utimie 16:9, au uweke kwenye kundi lake lenyewe.

Kuhusu kuchagua NTSC, mfumo wa video wa Marekani, badala ya PAL "kwa sababu deki zote zinaisoma": inapunguza mistari ya picha kutoka 576 hadi 480, na umbo lililokosewa linabaki vilevile.

"Jina la maharusi limekatwa, kwa hiyo umbo limekosewa."

Hapana, TV ya chogo huficha kingo za picha. Acha asilimia 10 kila upande unapoweka maandishi: pikseli 72 kushoto na kulia, na kama 58 juu na chini.